Kikombe Nilikishika Mimi

Hapana, ngoja kwanza, hilo neno lirudishe. Jana umekaa pale kwenye meza yangu ya kutengeneza simu, stendi ya Same, ukaniambia dada yako anataka kupanda Vudee akatembee na Bibi Nakijwa ajifunze majani ya dawa, na wewe umemkataza kwa sababu "si ndiyo yule bibi aliyemlisha mtu sumu?" Umesema huku unacheka, ukachukua simu yako ukaondoka kabla sijameza mate. Sasa sikia, mwanangu. Aliyelishwa ile sumu ni shangazi yangu. Na aliyemlisha si Bibi Nakijwa. Ni mimi, Hatibu, kwa mkono huu wa kulia.

Sikuiti mwanangu kwa sababu nina mvi. Nina miaka thelathini na mbili, na hasira zangu ni zilezile, waulize watu wa stendi. Lakini kuna kosa linamzeesha mtu kabla ya wakati wake, na mimi lilinizeesha mchana mmoja. Kwa hiyo leo kaa hapo, nitazungumza kama mzee, na wewe utavumilia.

Mimi ni mtu wa kujifunza mwenyewe. Simu sikufundishwa na mtu, nilizifungua nikaharibu mbili tatu, ya nne ikawaka. Mimea nayo nikataka nijifunze hivyohivyo. Nilikuwa na ile programu unalipiga jani picha linakuja jina, na video za watu wanaochemsha mizizi nilikuwa nimezimaliza. Basi siku moja nikapanda Vudee kumfungia mtu sola, na nikiwa nashuka nikamkuta mama mtu mzima, kilemba cheupe, raba za kijani miguuni, ameinama kando ya mfereji anawaonyesha watu watano au sita jani dogo. Nikatoa simu, nikapiga picha, nikasoma kwa sauti jina refu la Kilatini. Kiherehere, si unajua.

Akainua kichwa taratibu. "Hilo ni jina la ukoo," akasema. "Yeye mwenyewe anaitwaje?"

Sikujua.

"Ng'ombe wanamla, hawamli? Jua likikaza anakufa wa kwanza au wa mwisho?"

Sikujua.

"Basi simu imekupa kitambulisho, mtu mwenyewe hujaonana naye. Na shikamoo hujanipa."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Haya, tembea. Mdomo uache nyuma, utaukuta wakati wa kurudi."

Wenzake wakacheka. Nilikasirika, nikawafuata kwa hasira, na ile hasira ikageuka kuwa Jumamosi baada ya Jumamosi kwa karibu mwaka mzima. Akanipa jina, Redio, kwa sababu sizimiki.

Sasa uelewe matembezi yake yalivyo, maana wewe umeyakataza bila kuyajua. Bibi Nakijwa ni Msabato, kama nusu ya mlima ule. Jumamosi wakishatoka kanisani, wakishakula, anavua viatu vya ibada anavaa zile raba, anatoka na yeyote anayetaka. Hakuna haraka. Hatua kumi, mnasimama. Anakuonyesha mmea anauliza huyu ni nani, wiki iliyopita alikuwa na maua ya rangi gani, jirani zake ni akina nani. Unaruhusiwa kuinama, kunusa, kupindua jani uone mgongo wake. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi: huchumi. "Sabato hatuchumi," anasema, basi, imeisha. Kuchuma ni siku nyingine, ukiwa naye, na ni mmea ambao umeshautambua masika na ukautambua tena vuli, ukiwa na maua na ukiwa hauna. Wapo waliotembea naye misimu minne hawajavunja hata tawi.

Mimi ni Mwislamu. Nikajiambia hiyo ni sheria ya dini yake, mimi hainihusu, ila kwa heshima sichumi mbele yake. Mbele yake, mwanangu. Ona ujanja wa mtu mjinga.

Siku yenyewe naikumbuka kwa harufu. Ilikuwa baada ya mvua za vuli, ardhi laini, kila kitu kimechipuka. Tulipita mahali palipokuwa na zizi la zamani la ng'ombe, limebaki mawe tu, na pale samadi ilipokuwa majani yalikuwa yamejaa mabichi hayo. Bibi akasimama muda mrefu kuliko kawaida. Akatuonyesha kivumbasi, ule mmea wa harufu ambao bibi zetu wote wanaweka ndani kufukuza mbu na wanajifukizia mafua. Akatuonyesha mnavu, mboga, huna haja ya kuelezwa, umeula. Halafu hatua mbili tu kutoka kwenye mnavu akatuonyesha mwingine, mchanga bado, hana ua, hana lile tunda lake la miiba, amekaa kimya kama mtoto wa jirani.

"Huyu ni mnanaha," akasema. "Huyu namfundisha ili mumwepuke. Akiwa mtu mzima hata kipofu anamjua. Akiwa mtoto anajifanya mboga. Ana sumu inayompotezea mtu akili, na dozi ikizidi inampoteza na yeye mwenyewe. Mnuseni."

Tukamnusa. Ananuka vibaya, harufu ya kuchefua, ukishainusa unaijua.

Mimi nilikuwa na daftari nyumbani. Nilitaka kubandika majani humo niandike majina, niwe na kitabu changu mwenyewe. Walipotangulia, nikabaki nyuma kama nafunga kamba za kiatu. Nikavunja kijitawi cha kivumbasi, nikavunja cha mnavu, nikavunja cha mnanaha, vyote nikatumbukiza mfuko mmoja wa koti. Mara tatu, kah, kah, kah. Nikawakimbilia. Bibi akaniuliza kamba zimekubali, nikasema zimekubali.

Jumapili, saa tano asubuhi, niko Same. Nakaa kwa Shangazi Zaina, dada wa baba. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, kwa hiyo ukisikia nasema shangazi, wewe sikia mama. Alikuwa na kifua, anakohoa wiki nzima. Nikamwambia tulia, nina dawa. Nikageuza mfuko wa koti juu ya meza.

Majani yalikuwa yamesinyaa, yamejikunja, yameshikana kama chai iliyokwisha kuchujwa. Kivumbasi nilikitambua. Yale mengine mapana nikayanusa: kivumbasi. La pili: kivumbasi. Mfuko mzima ulikuwa unanuka kivumbasi. Nikasema basi, ya mnanaha yatakuwa yaliangukia njiani, haya ni mnavu, na mnavu ni mboga, hauna shida, utamwongezea nguvu. Nilisema kwa sauti kabisa, kama natangaza. Nikachemsha karibu yote. Nikakishika kikombe nikampa mkononi.

"Chungu," akasema.

"Dawa tamu umeiona wapi, Shangazi?"

Akanywa akamaliza, kwa sababu mimi ndiye niliyempa.

Haikupita saa moja. Alianza kusema mdomo umemkauka kama amekula majivu. Uso ukawa mwekundu, ngozi ya moto, na macho, mwanangu, ile mboni ya macho ikafunguka ikawa nyeusi tupu. Halafu akaanza kuokota vitu kwenye khanga yake. Hakuna kitu, anaokota, anaweka pembeni, anaokota. Akamwita mume wake kwa jina, ambaye tulimzika miaka mingi iliyopita. Akamwambia, "Funga mlango, mbuzi wataingia." Hatujawahi kuwa na mbuzi.

Nilimbeba na jirani yangu mwenye bajaji mpaka hospitali. Daktari, kijana tu wa rika langu, akauliza swali moja: amekula nini? Nikasema majani. Majani gani? Na mimi, Redio, mwenye majina ya Kilatini, nikabaki nabahatisha. Nikasema mnavu, nikasema kivumbasi. Akasema mnavu haufanyi hivi, nenda katafute jibu la kweli na urudi nalo haraka.

Nikapiga simu Vudee. Nikakosea namba mara mbili. Nikamweleza Bibi mbio mbio, hakunikatiza, hakuniuliza kwa nini nilichuma. Aliniuliza kama kuna jani lolote lililobaki. Wakati tunatoka nilikuwa nimetia mfukoni yale machache yaliyobaki mezani.

"Yananuka kivumbasi, Bibi, yote."

"Harufu usiniambie. Mfuko wako umeshalifundisha jani uongo. Omba sahani, weka maji, liweke jani juu ya maji ulisubiri lijikunjue. Usilivute, litachanika."

Muuguzi mmoja akanipa bakuli. Nikaliweka jani. Lilichukua muda, sijui muda gani, kwangu ulikuwa mwezi mzima. Kidogo kidogo likafunguka juu ya maji.

"Ukingo wake ukoje?"

"Una meno, Bibi."

"Yamepangana kama msumeno, au yamekaa kama ya kwangu?"

Bibi Nakijwa ana meno manne mbele, moja huku, moja kule, mapengo katikati. Nikaangalia lile jani.

"Kama ya kwako, Bibi."

Nilisikia kuku wake kwenye simu.

"Huyo ni mnanaha. Tulisimama kwenye zizi, alikuwa wa tatu. Mpe daktari simu."

Akazungumza na daktari kama watu wanaofanya kazi ofisi moja. Daktari akaandika, akakimbia. Mengine ni ya hospitali, siyajui. Najua Shangazi alilala siku mbili, siku ya tatu akafungua macho akaniuliza kama nimekula. Nililia pale pale, na sioni aibu kukuambia. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na namshukuru yule bibi aliyeikumbuka njia nzima hatua kwa hatua mpaka akajua nani alikuwa wa tatu.

Ungedhani kosa langu ni hilo. Hilo lilikuwa kosa la mikono. Kubwa lilikuja Jumatano.

Jumatano Bibi Nakijwa aliteremka Same na gari la alfajiri, ameshika mkungu mdogo wa ndizi wa kumpelekea mgonjwa asiyemjua. Nyumbani baba yangu mdogo, Shabani, alikuwa amekusanya ndugu. Anafoka, mshipa umemtoka shingoni. Anamwambia Bibi mbele ya watu wote, "Wewe mama, mtu mzima wa Sabato, unawafundisha watoto wa watu uchawi, umetaka kumuua dada yangu."

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Kwamba alinikataza. Kwamba niliiba. Kwamba bila yeye tungekuwa tumekaa matanga. Maneno matatu tu.

Bibi aliniangalia. Hakunikonyeza, hakunilaumu, aliniangalia tu, kama anavyosubiri mtu ataje jina la mmea. Mimi nikaangalia sakafu. Mimi, ambaye huwezi kuninyamazisha kwenye mechi, kwenye kituo cha kura, hata msibani, nilinyamaza.

Bibi akasema, "Mwanafunzi ni wangu. Akikosea, nimekosea. Nisameheni." Akaacha ndizi zake pale, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Habari ikapanda mlima kabla yake. Wazazi wakawazuia watoto wao. Jumamosi iliyofuata, wakaniambia, alitoka kanisani akavaa raba zake akatembea peke yake. Na iliyofuata. Miezi minne. Huku Same watu wanakuja mezani kwangu wanasema, "Eti kuna bibi Vudee kamlisha mtu sumu," na mimi nakaza skrubu. Kuna siku mmoja alitia utani humo, na mimi nikacheka. Nikacheka naye, mwanangu. Hiyo ndiyo inayoniamsha mpaka leo.

Aliyenizindua ni Shangazi mwenyewe. Alikuwa ameshapona, amepika makande, ameniwekea sahani. Nimeanza kula, akasema:

"Hatibu, huyo bibi wa Vudee mimi namjua?"

"Humjui, Shangazi."

"Nimewahi kula kwake?"

"Hapana."

"Sasa mbona kila nikienda sokoni naambiwa amenilisha sumu mtu ambaye sijamwona, na aliyenishikia kikombe yuko hapa anakula makande yangu?"

Kijiko kikasimama.

"Mimi nimekusamehe siku ile ile," akasema. "Mimi ni damu yako, sina ujanja. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Maliza kula, kesho panda."

Kesho yake, huko Vudee, ilikuwa msaragambo. Unajua msaragambo, kazi ya wote, hakuna kukosa. Walikuwa wanatoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kugawia maji ya mashamba, kijiji kizima kimeshuka na majembe na karai. Bibi alikuwa upande wa akina mama, anapokea karai za tope. Nikaenda nikapanda juu ya ukingo. Nikasema, "Jamani, naomba mnisikilize."

Mzee mmoja akashusha jembe. "Redio kawaka," akasema, na watu wakacheka.

Nikasema yote. Koti, mfuko, kamba za kiatu za uongo, kikombe, simu, jani kwenye bakuli. Nikasema Jumatano nilikaa mlangoni nikamwacha mama wa watu abebe. Nilipofika kwenye kile kicheko changu cha mezani, nilikisema nacho. Hakuna aliyecheka tena. Yule mzee akajifuta jasho.

"Kijana," akasema, "taarifa ya habari imechelewa miezi minne. Lakini imefika."

Nikamtazama Bibi. Alikuwa na tope mpaka kwenye viwiko.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Bibi."

"Basi shika karai. Mikono yangu imechoka."

Nilibeba tope mpaka alasiri. Wakati wa kupumzika nikamuuliza jambo lililonisumbua: kama kutochuma ni kwa ajili ya Sabato tu, mbona hata Jumapili huwa hataki tuchume mpaka misimu ipite? Akanijibu huku anavunja kipande cha muhogo anipe nusu.

"Sabato ni ya Mungu, na mimi naishika. Lakini mama yangu aliniambia, jani likiwa mahali pake lina majirani wa kulitolea ushahidi. Lina udongo wake, lina mdudu wake, lina mwenzake wa kushoto. Ukishalichuma ni neno lako peke yako. Na neno lako, Redio, mimi nilikuwa sijalijua bado."

Jumamosi ile tulitembea watu wanne. Iliyofuata, tisa. Sasa hivi macho yake yanamsumbua, kwa hiyo mimi natangulia, namwelezea ninachokiona, na yeye ananiambia ni nani. Mara nyingine napata sawa. Nikipata sawa hasemi kitu, anaendelea kutembea tu, na hiyo kwangu ni zaidi ya cheti.

Kwa hiyo nasaha zangu hizi hapa, zichukue zilivyo, sina nyingine. Ukitaka kujua mmea, nenda kwa miguu kwa mtu anayeujua, ukae naye jua na mvua. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutia mfukoni usichokijua kisha ukampa anayekuamini. Mtu akizidiwa, hospitali kwanza, na ukifika huko sema kweli yote, maana daktari hatibu kitu ulichokificha. Mwalimu akikukataza jambo bila kukupa sababu, shika katazo, sababu itakufikia njiani. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, sema mapema kwa mdomo wako mwenyewe. Uongo wangu wa siku moja mpaka leo naufukuza stendi nzima, na jana nimeukuta kwako.

Mwache dada yako apande. Mungu amlinde njiani, ampe pua kali na subira ya kungoja masika na vuli. Na wewe Mungu akupe watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia ukweli ukiwa unakula chakula chao, akufungue ulimi siku unayohitajika, na aufunge siku nyingine zote.

Sasa nijibu bila kuzungukazunguka: ni mzee gani huko kwenu anayebeba jina baya la kitu ulichokifanya wewe?